Magofu ya Kaole na urithi wa parokia zetu

Jimbo Katoliki la Bagamoyo liliundwa Machi 2025, na jimbo changa huwa na haraka ya kujenga. Kabla hatujabomoa cha kale ili kupisha kipya, twende kwanza Kaole, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo.

Hapo yapo magofu ya misikiti miwili na makaburi ya Waswahili wa kale, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nguzo za baadhi ya makaburi zilipambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Leo yaonekana matundu yalimokuwa. Mwaka 1958 Neville Chittick, mhifadhi wa mambo ya kale wa Tanganyika, alifanya uchimbaji hapo. Wataalamu wa kizazi chake walielekea kuwapa wageni sifa ya miji hii. Utafiti wa baadaye umeonyesha mkono wa Waswahili wenyewe.

Kumtaja aliyejenga si jambo dogo. Msanifu majengo Peter Garlake alipima misikiti ya kale ya pwani yetu, akachora mihrabu zake, na mwaka 1966 akachapisha kitabu juu yake. Alikuwa pia mkaguzi wa magofu huko Rhodesia. Watawala walitaka isemwe kwamba Zimbabwe Kuu haikujengwa na Waafrika. Garlake hakukubali kuuficha ukweli, na mwaka 1970 aliondoka nchini humo.

Pengine mwamini atauliza: misikiti ya kale yatuhusu nini? Tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965 lafundisha kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja. Basi hatuwezi kuwaheshimu jirani zetu huku tukidharau mahali mababu zao waliposujudu.

Lakini fundisho hili latugusa pia nyumbani. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na makumbusho ya misheni yao yatunza sehemu ya kumbukumbu hiyo. Katika vigango vyetu, je? Altare ya mbao iliyochongwa na fundi wa kijijini hutolewa nje siku ya ukarabati, na jina la fundi hupotea pamoja nayo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, uliwaagiza maaskofu wahakikishe vyombo vitakatifu na kazi za thamani haviuzwi wala kuharibiwa.

Tunapendekeza kila parokia iandike orodha: kifaa, aliyekitengeneza, aliyekitoa na mwaka wake. Wazee waulizwe wangali hai. Lisiguswe jambo kabla ya paroko kupata ushauri wa jimbo. Kaole kuta zimesalia, lakini majina ya mafundi wake hatunayo. Ya kwetu bado yaweza kuandikwa.