Roboti Runingani, Binti Mlangoni

Juzi usiku nilikuwa kwa jirani hapa Kwa Sadala tukitazama tamthilia ya Waingereza iitwayo Humans, iliyotoka mwaka 2015. Kijana wa nyumba alikuwa akitufasiria. Familia inanunua roboti yenye sura ya mwanamke, inampa jina la Anita, afue, apike, afagie. Kidogo kidogo tunaona kwamba ndani ya roboti ile mna mtu. Mama mwenye nyumba akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Mlangoni alisimama binti wa kazi, kashika jagi la maji ya kunawa, vumbi la sokoni bado miguuni. Viti vilikuwepo. Hakuna aliyemwambia aketi, hata mimi.

Sizilaumu tamthilia za roboti. Neno lenyewe, roboti, lilitoka katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, Mcheki, mwaka 1920, na asili yake ni robota, yaani kazi ya kulazimishwa. Wazee wetu waliiita shokoa. Basi tangu mwanzo hadithi ya roboti ni hadithi ya mtumishi. Mwaka 1989, katika tamthilia ya Star Trek, shauri lilisikilizwa kuamua kama roboti aitwaye Data ni mali ya wakubwa wake. Hakimu alikiri kwamba hajui kama Data ana roho, na bado akampa uhuru wa kujiamulia. Mashine ilipewa haki kwa shaka tu! Kwa binti wa mlangoni shaka iko wapi?

Na mashine za kweli, hizi zinazojibu maswali leo? Mwaka 2023 jarida la Time lilifichua kwamba vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa wasome maandishi ya ubakaji na mauaji, ili ChatGPT ifunzwe kuyaepuka. Watu wanabishana kama mashine inaweza kuumia, na walioumia ni wale vijana.

Tutazame, tulie tukipenda. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kazi kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na msichana wa kazi ni mfanyakazi. Mama, baba, mpangieni siku yake ya kupumzika. Mshahara wake mpeni mkononi mwake, si kwa mjomba aliyemleta. Na tamthilia ikianza, mvutieni kiti.