Mtego wa kubadilisha prosesa ya kompyuta kuukuu

KAMPUNI ya Microsoft iliposimamisha huduma za kawaida za Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, wenye saibakafe wengi wanaotumia kompyuta za mitumba walijikuta njia panda. Wateja hufungua humo akaunti zao za KRA na eCitizen, hivyo mashine isiyolindwa ni hatari kwa siri zao.

Windows 11 haiziidhinishi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, isipokuwa chache mno. Wengi basi hushawishika kununua prosesa na bodi mama pekee.

Hata hivyo, bodi za kizazi hicho kwa kawaida hutumia RAM ya DDR4, ilhali mashine za kizazi cha nne hutumia DDR3. Aidha, kompyuta nyingi zilizotumika maofisini ng'ambo zina nyaya za umeme zisizooana na bodi za kawaida. Gharama huzaana.

Busara ni kujumlisha bei ya vipuri vyote mapema. Ikikaribia ile ya kompyuta nzima ya kizazi cha nane iliyotumika, heri kununua hiyo. Asiyemudu yote mawili anaweza kutumia Linux, ambayo hailipiwi.