Plaketi mpya zisishuke Ngomo bila rodaji

Katika garaji nyingi za Bukavu, kazi ya freni inamalizika namna moja. Fundi anafunga mapine, shofere anakanyaga pedali mara tatu ao ine gari ikiwa imesimama palepale, pedali inakuwa ngumu, pesa inalipwa, na gari inakwenda parkingi kupakia. Kisha saa chache gari hiyo hiyo, na watu wamebanana ndani, mifuko ya muhogo na magodoro juu, inafika kwenye milima ya Ngomo na kuanza kushuka kuelekea Kamanyola. Plaketi zake zilitoka kwenye boksi asubuhi ile. Hazijapata moto hata mara moja.

Hiyo ndiyo desturi inayopaswa kuachwa, na wa kwanza kuiacha ni mwenye gari na fundi, mbele ya shofere.

Plaketi imetengenezwa na unga wa vitu vingi uliokazwa pamoja na gundi ngumu. Mara ya kwanza inapopata moto mkali, gundi ile inatoa gesi. Gesi inaingia katikati ya plaketi na diski, na hapo pedali inabaki ngumu kama kawaida lakini gari haipunguzi mwendo. Shofere anakanyaga kwa nguvu zaidi, na moto unazidi. Isitoshe, plaketi mpya na diski ya zamani hazijakutana vizuri: zinagusana sehemu tu, na ule utando mwembamba ambao plaketi inapaswa kuacha juu ya diski haujapatikana bado.

Wenye kuendesha magari ya mashindano wanayajua haya yote. Hawatoki na plaketi mpya kwenda moja kwa moja kushindana. Wanazipasha moto kidogo kidogo, wanaziacha zipoe, ndipo wanazitegemea. Mafundi wenye kusoma Kifaransa wanaita kazi hiyo rodaji. Ajabu ni kwamba mtu mwenye kuendesha peke yake, na kofia ngumu kichwani, anafanyiwa rodaji, na mama mwenye kubeba mtoto ndani ya Hiace hafanyiwi.

Tufanye hesabu ya mteremko. Gari yenye uzito wa tani mbili na nusu ikishuka mita 500 tu, nguvu inayopaswa kuzuiwa inatosha kuchemsha zaidi ya litri 30 za maji ya baridi, ni kusema bidoni moja na nusu. Sehemu moja inabebwa na motere kama shofere anashuka na vitesi ya chini. Inayobaki inaingia yote ndani ya vyuma vidogo kwenye mapine. Na wako mashofere wanaoondoa vitesi ili kuchunga esansi, wanaacha freni peke yake ifanye kazi. Akiba ya namna hiyo inalipwa na abiria.

Rodaji yenyewe haiombi mashini. Inaomba barabara tambarare isiyo na watu wengi, na gari tupu. Shofere anafika kilometa 60 kwa saa, anakanyaga kwa nguvu ya kati hadi karibu kilometa 15, anaachilia, anaongeza mwendo tena, anaiacha freni ipumue kidogo, anarudia. Mara nane hadi kumi. Asisimame kabisa katikati ya kazi hiyo, sababu plaketi ya moto ikibana diski pahali pamoja inaacha alama, na kesho pedali itatetemeka. Akimaliza, atembee dakika kumi ao kumi na tano bila kugusa freni sana, vitu vipoe. Ganitire za Fuso zinaomba muda mrefu zaidi, kwa kuwa zinapaswa kujichonga kufuata umbo la tamburi, na kisha siku chache zinapaswa kukazwa tena.

Mashofere wengi watajibu kwamba wataifanya njiani, kabla ya kufika Ngomo. Njia ya Nyangezi si pahali pa rodaji: ni vilima, watu wako kandokando, na gari tayari imejaa. Heri kwenda upande wa Kavumu asubuhi mapema, gari ikiwa tupu, na kurudi. Wenye kutengeneza gari Uvira wana bahati kuliko wa Bukavu, maana wanaanza na bonde la Ruzizi, kisha wanapanda. Wa Bukavu anaanza na mteremko. Ndiyo sababu garaji ya Bukavu inapaswa kuwa na ukali zaidi.

Kuhusu kuchagua, kuna boksi sokoni zenye picha ya gari ya mashindano, na vijana wenye magari ya chinichini wanazipenda. Hiyo ni pesa yao. Ubaya unaanza wakati muuzaji anaisifu boksi hiyo kwa mwenye teksi kwamba ndiyo yenye nguvu. Plaketi ya mashindano ya kweli imetengenezwa kufanya kazi ikiwa na moto mwingi. Asubuhi, ikiwa baridi, inashika kidogo, na inakula diski haraka. Kwa gari ya kubeba watu, inayofaa ni ile inayoshika vizuri ikiwa baridi na isiyopoteza nguvu ikipata moto.

Plaketi nyingi zina herufi mbili kwenye ukingo, kama EE, FF ao FE. Ya kwanza inaonyesha mshiko kwenye moto wa kawaida, ya pili kwenye moto mkali. F inashika kuliko E, na G kuliko F. FF inafaa kwa barabara kama hii. FE inamaanisha inalegea pale ambapo abiria anaihitaji zaidi. Herufi hazisemi plaketi itadumu siku ngapi, na mwenye kughushi anaweza kuzichapa pia, lakini plaketi isiyo na alama yoyote iachwe dukani.

Mafuta ya freni nayo yasisahauliwe. Yanavuta maji kutoka hewani, na yakizeeka yanachemka mapema: ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya digrii 230, lakini yakiisha kuvuta maji yanaweza kuchemka kwenye 155. Chupa iliyofunguliwa na kukaa kwenye meza ya muuzaji si ya kununua. Dalili zinatofautiana: plaketi ikishindwa, pedali ni ngumu na gari inaendelea, mafuta yakichemka, pedali inazama hadi chini.

Familia inayokimbia vita haichagui gari. Inapanda ile iliyopatikana, na godoro, na masufuria, na wazee. Ndiyo sababu haitoshi kuambia abiria wawe waangalifu, hata kama mama anaweza kuuliza, «Papa, freni hii ilibadilishwa lini?» na kushuka akisikia harufu ya kuungua. Wenye magari watasema nusu siku bila kupakia ni hasara, na esansi ni ghali. Ni kweli. Hasara hiyo iingizwe kwenye bei ya kazi ya freni tangu mwanzo, pamoja na esansi ya kwenda Kavumu na kurudi. Fundi aandike kwenye fakture tarehe ya plaketi na tarehe ya rodaji, na viongozi wa mashofere kwenye parkingi waombe karatasi hiyo kabla ya kuipa gari zamu yake ya kupakia kwenda Uvira.