Mbaazi za gunia siyo mbegu

Mvua zikikaribia, simu yangu haipumziki. "Bwana shamba, mbegu gani ya mbaazi inatoa sana?" Swali zuri, ila mimi huuliza kwanza: unayopanda sasa uliitoa wapi? Wengi hujibu, "Niliibakiza mwaka jana," au "Nilichota kwenye gunia sokoni." Hapo ndipo hela yetu inapopotelea.

Watafiti wamefanya kazi yao. Aina ya Mali, ambayo ICRISAT waliiita ICEAP 00040, ilipendwa kwa mambo mawili: inastahimili mnyauko wa fuzari, na punje zake ni kubwa na nyeupe, zile anazozitaka mnunuzi. Mnyauko si mchezo, jamani. Kuvu wake hukaa udongoni miaka kadhaa, huingilia mizizini, na mara nyingi mmea unakauka ukiwa tayari na maua. Hakuna dawa ya kupiga ikakuokoa hapo. Kinga ni mbegu.

Sasa, mbaazi haina tabia ya maharage. Maharage hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo ukibakiza mbegu safi unaweza kwenda nayo misimu kadhaa. Mbaazi hutembelewa na nyuki, na nyuki hajui mpaka wa shamba lako. Anatoka kwenye mbaazi za kienyeji za jirani anaingia kwenye Mali yako. Misimu michache baadaye unaita "Mali" kitu ambacho ni mchanganyiko: hii imekomaa, ile bado, punje rangi tatu, na mnyauko umerudi. Halafu tunasema mbegu za kisasa ni uongo!

Najua kilichowakatisha tamaa wengi. Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuagiza, bei huku ilianguka vibaya. Nani anunue mbegu kwa bei ile? Nawaelewa. Lakini soko likibana, mnunuzi ndiyo anazidi kuchagua, na gunia la rangi tatu ndilo linalobaki ghalani.

(Na aina iangalie eneo. Mali ni ya muda mrefu, inaipenda Babati na Karatu. Huko chini kwenye joto, ulizia za muda wa kati kama Tumia.)

Ukiniuliza mimi, vijana mnaopakana mashamba kubalianeni aina moja. Mmoja wenu aende TOSCI, asajiliwe kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa, shamba lake likae mbali na mbaazi nyingine, na ninyi mnunue kwake. Ekari moja inahitaji kilo chache tu. Na huyo mzalishaji asisubiri mavuno ndipo achambue: apite shambani maua yanapoanza kufunguka, kila mmea usiofanana na wenzake aung'oe siku hiyohiyo, kabla nyuki hawajaufikia.