Nyama za chuma: nani atalipa fundi?

Ukifika Mokambo, ku mupaka na Zambia, kwanza macho inaona malori. Shaba inapita, sisi tunabaki na vumbi. Lakini tuulize kitu kingine: kile kidogo chenye kubaki huku kinageuka nini?

Kule Kenya, Kioko Mwitiki anakusanya vyuma vikuukuu, anavichomelea, anatoa tembo mwenye ukubwa wa tembo kweli. Kazi yake ilifika mpaka ku bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani. Kwetu Lubumbashi mafundi hawakosekani: kuko wenye kuchonga malakiti, wanatoa mamba na tembo, na wenye kupiga sahani za shaba kwa nyundo. Ila kazi nyingi ni ya kuweka juu ya meza, mgeni aingize mu valizi.

Si ukosefu wa akili. Sanamu ya barabarani inaomba vyuma vingi, miezi ya kazi na malipo ya mbele. Fundi mwenye kuuza asubuhi ili watoto wakule mangaribi hawezi kungojea. Wa kuagiza ni serikali ao kampuni, na mara nyingi wanapenda sura ya mukubwa. (Léopold II alirudishwa ku barabara ya Kinshasa mwaka 2005, akaondolewa mbele siku mbili zipite.)

Punda milia hana chama. Wa mwisho wa Kongo wako Upemba, hapa hapa Katanga, na watoto wengi wa Lubumbashi wanawajua kwa picha tu. Bajeti ya muji ingeanza na mumoja, wa chuma, ku rompwe, jina la fundi liandikwe chini.