Mbwa wa Theluji: Nani Atawalisha Uzeeni?

Najua mbwa akitajwa hapa kwetu pwani, la kwanza kumjia mtu ni maji na mchanga, na kuosha mara saba. Ndivyo madhehebu yetu ya Shafii yatufundishavyo, wala sina nia ya kuleta ubishi. Lakini dini hiyo hiyo imemruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo, yaani mbwa mwenye kazi, na habari ya aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake twaisikia tangu chuoni. Kwa mizani hiyo ya kazi na huruma nataka tuwatazame watu wa Alaska, huko Marekani, wafugao mbwa wa kuvuta sleji, chombo kisicho na magurudumu kiburutwacho juu ya theluji.

Zamani hawakuwa mchezo. Mwaka 1925 dondakoo lilipozuka katika mji wa Nome wakati wa baridi kali, dawa ilipokezanwa na waendeshaji 20 na mbwa wapatao 150, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, ikafika kabla ya siku sita kutimia. Kisha katika miaka ya 1960 zikaenea pikipiki za theluji, na vijiji vikaanza kuwaacha mbwa. Mfugaji Joe Redington akahofia watatoweka kabisa, na mwaka 1973 yeye na wenzake wakaanzisha mashindano ya Iditarod, kutoka Anchorage hadi Nome, kiasi cha kilomita 1,600.

Tangu hapo mchezo ukawa urithi wa nyumba. Dan Seavey alishiriki mwaka ule wa kwanza. Mwanawe Mitch akaja kushinda mara tatu, na mjukuu wake Dallas mara sita. Ryan, mjukuu wa Redington, alishinda mwaka 2023. Majina haya ndiyo yatiayo watu tamaa. Familia huanza na mbwa wawili watatu wa kuwafurahisha watoto, kisha baba husema, mbona tusizalishe wetu?

Basi na ahesabu. Mbwa jike hubeba mimba siku 63 hivi, na huweza kuzaa sita kwa mara moja. Hao hawafai kwa mashindano makubwa mpaka wapate kama miaka miwili, na wakifika tisa au kumi mbio zimekwisha, ilhali umri bado wanao. Mashindanoni mbwa mmoja wa kilo ishirini na kitu hutumia kalori kama 10,000 kwa siku, mara nne ya mtu mzima. Nyumbani hula kidogo kuliko hivyo, lakini hula kila siku, hata theluji ikiwa imeyeyuka. Watu wa Lamu watanielewa upesi: pikipiki zilipoingia, punda hakuacha kula.

Na theluji yenyewe sasa si ya kutegemewa. Mwaka 2003, 2015, 2017 na 2025 mbio zililazimika kuanzia Fairbanks kwa sababu njia ya kawaida haikufaa. Mwaka 2008 walianza waendeshaji 96. Mwaka 2023 walikuwa 33 tu, idadi ndogo kuliko zote zilizotangulia. Mwaka 2024 mbwa watatu walikufa njiani, na kelele za watetezi wa wanyama zikazidi.

Mimi siwaungi mkono wasemao kwamba mbwa hao hukimbizwa kwa nguvu, maana mbwa wa sleji akiona kamba zinatandazwa huruka na kubweka kwa hamu. Lawama yangu iko bandani. Mbwa wengi wa mashindano ya Alaska ni mchanganyiko. Huchaguliwa kwa mbio na miguu, si kwa nasaba. Kuchagua ni kuzalisha wengi ili wabaki wachache. Na wasiochaguliwa je? Zamani wapo wafugaji waliowaua bila haya. Siku hizi wapo wanaowatafutia nyumba, nao ndio niwaheshimuo.

Kwa familia inayoanza, mlango ninaouona salama ni kuchukua mbwa wazee kutoka mabanda makubwa kabla ya kuwaza kuzalisha. Mbwa wa miaka tisa anazijua amri za kulia na kushoto kuliko mtoto anayemwamuru, na nguvu za kuvuta sleji yenye mtoto mmoja bado anazo.