Jembe Nalo Lina Chuo Chake

Ndugu wafanyakazi,

Saa ya chakula shambani tulimsikia mwenzetu akicheka: "Mtoto atoke Nakivale aende chuo kikuu Mbarara, akasomee jembe na samaki? Si kazi za baba yake hizo!" Wengi tulicheka naye. Leo tunasema kicheko kile hakikuwa cha haki.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalifunguliwa mwaka 1958. Mkimbizi hupewa kipande cha ardhi alime. Lakini watu wameongezeka, ardhi haikuongezeka, na vipande vimezidi kuwa vidogo. Ziwa Nakivale nalo si kubwa, na wanaolitegemea ni wengi. Hapo nguvu za mikono pekee hazitoshi. Lazima ziongezwe maarifa.

Tutoe mfano wa bwawa. Ngege huzaana upesi mno. Asiyejua huwaacha wajazane, chakula na hewa visiwatoshe, wakadumaa. Siku ya kuvua anapata visamaki vya kidole, akadhani amerogwa. Aliyesoma hufuga madume matupu, au huweka kambare wachache wale vitoto. Tena maji ya bwawa hayamwagi ovyo. Huyapeleka migombani, yakawa mbolea. Hayo ndiyo yanayosomwa, na hayo ni shibe.

Kizingiti ni ada. Tangu 1992 mpango wa DAFI, wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, umewasomesha vijana wakimbizi katika vyuo vikuu, lakini nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Na akishahitimu je? Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa haki ya kufanya kazi. Haki hiyo ni tupu ikiwa mwenye shahada ataajiriwa kibarua wa kupalilia.

Kwa hiyo tunasema mambo mawili. Kwanza, chama chetu kidai kwa waajiri nafasi za mafunzo kazini kwa wanafunzi wa kilimo, na baadaye mshahara unaolingana na ujuzi, awe mwenyeji au mkimbizi. Pili, tunawaambia vijana: msirudi kuwa wanyapara wetu. Rudini mtufundishe, nanyi mjifunze kwetu, maana ardhi hii tunaijua kwa nyayo.

Elimu isiyofika shambani ni mbegu iliyoozea ghalani.

Umoja ni nguvu!